Shanga, riali, zaïre, dola: namna watu wa mashariki ya Congo walivyovuka mipaka na feza

Mama wa Goma anayefunga safari ya Dubai kwenda kununua vitambaa, na baba wa Uvira anayevuka Gatumba na watoto akikimbia risasi, hawafanani kwa safari zao. Lakini wanapofika mbele ya mpaka wote wawili wana swali moja: feza hii iliyo mfukoni, kule ng'ambo itakubaliwa na nani, na kwa bei gani? Swali hilo halikuanza na vita vya sasa, wala halikuanza na dola. Katika Maziwa Makubwa lina zaidi ya miaka 150, na majibu ambayo kila kizazi kilijaribu yamewatajirisha wengine na kuwamaliza wengine kabisa.

Mwaka 1871, kabla ya kutoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, Henry Morton Stanley alikaa Zanzibar akiuliza wafanyabiashara Waarabu jambo moja ambalo hakuna kitabu kilichomfundisha: abebe nini cha kulipia chakula njiani? Sarafu za fedha za pwani hazikufaa bara. Pwani walitumia riali, ile sarafu kubwa ya malkia Maria Theresa wa Austria, yenye tarehe ya 1780 hata kama ilipigwa miaka mia baadaye. Pamoja nayo kulikuwa na rupia ya India. Lakini mwenye mihogo na kuku katika kijiji cha bara angefanya nini na uso wa malkia wa Ulaya? Yeye alitaka kitambaa, shanga au waya.

Stanley aliandika hesabu ile kwa namna inayoeleweka vizuri hata leo. Alisema shanga zilikuwa kama sarafu za shaba, vitambaa kama sarafu za fedha, na waya wa shaba ng'ambo ya Tanganyika, yaani upande wa Congo, ulihesabiwa kama dhahabu. Kwa kulisha watu 100 aliambiwa ahesabu doti kumi za kitambaa kwa siku. Shida kubwa ilikuwa shanga. Alinunua magunia 22 ya aina mbalimbali, kwa sababu kila kabila lilikuwa na rangi yake. Shanga nyeusi zilipita Ugogo, lakini kwingine hazikuwa na bei yoyote. Zile kubwa kama yai, zilizoitwa sungomaji, zilipokelewa Ujiji na kwa Waguha wa ng'ambo ya ziwa, kwingine zilikataliwa. Nyeupe zilipendwa Ufipa, zikadharauliwa penginepo. Msafiri aliyekosea rangi alikuwa na njaa huku wapagazi wake wamebeba magunia yaliyojaa.

Na mizigo ile ilikuwa mizito. Mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili, kama kilo 32. Feza yenyewe ilikula feza: kila mtu aliyebeba kitambaa cha kununulia chakula naye alikula chakula. Safari ikirefuka, mfuko ulipungua hata kama hakuna aliyeiba.

Miaka mitatu baadaye Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, alifika Kawele, soko la Ujiji. Pale aliona kitu ambacho mtu wa Birere au wa Kadutu atakitambua mara moja. Bei za sokoni zilihesabiwa kwa shanga fupi zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vya mwanzi wa kiko. Asubuhi soko likifunguliwa, walizunguka wanaume wenye mifuko iliyojaa sofi. Mwenye kitambaa au bidhaa nyingine aliyetaka kununua samaki alibadilisha kwanza kwao, akapata sofi, ndipo akaingia sokoni. Jioni wanaume wale wale walizichukua tena sofi kutoka kwa wauzaji. Walipata faida asubuhi, wakapata faida jioni. Hawa ni makambisti. Hawakuwa na kiti cha plastiki wala kalkuleta, lakini kazi ni ile ile, na aliyedhani kwamba kambisti ni mtoto wa Mobutu na mfumuko wa bei ajue kwamba ukoo wake ni wa zamani zaidi.

Cameron huyo huyo aliacha kisa ambacho walimu wa uchumi wanakitumia mpaka leo. Alitaka kukodi mashua ya kuzunguka ziwa Tanganyika. Wakili wa Said bin Habib, mwenye mashua, alitaka kulipwa pembe za ndovu. Cameron hakuwa nazo. Akasikia kwamba Mohamed bin Salib anazo pembe, lakini yeye anataka kitambaa. Cameron hakuwa na kitambaa cha kutosha. Kisha akasikia kwamba Mohamed bin Gharib ana kitambaa, lakini anatafuta waya. Waya Cameron alikuwa nao. Basi akampa bin Gharib waya, bin Gharib akampa bin Salib kitambaa, bin Salib akampa yule wakili pembe, na mwisho mashua ikatoka. Mikono mitatu, kwa mashua moja. Anayetoka Butembo leo na franka za Congo, akazigeuza dola Kasindi, dola akazigeuza shilingi Kampala, na zilizobaki akazigeuza dirhamu Dubai, anapita njia ile ile, tofauti ni kwamba sasa kila mkono unakata asilimia yake bila kuonekana.

Mfano wa hesabu utasaidia. Mtu ana dola 1,000. Tuseme kila anapobadilisha anapoteza asilimia 3 kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Mara ya kwanza anabaki na 970. Mara ya pili 940 na kitu. Mara ya tatu 912 na kitu. Dola 87 na kitu zimekwenda, na hakuna mwizi aliyeonekana.

Alipovuka ziwa na kufika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, mwezi wa 8 mwaka 1874, Cameron alikwama. Shanga zake hazikuwa na nguvu. Wenye mitumbwi walitaka simbi, au mbuzi, au watumwa. Hilo la mwisho lisipitwe haraka. Katika soko kubwa la Manyema, mtu alikuwa feza. Wazee wa Maniema na wa Tanganyika wana habari za koo zilizopotea hivyo, na mtu anayesifu biashara ya zamani bila kutaja jambo hilo anasifu nusu ya hadithi.

Wakubwa wa biashara ile hawakubeba feza kabisa. Walibeba jina. Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, alichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa Mhindi wa Zanzibar, Taria Topan. Akaenda bara miaka mingi, na deni lililipwa kwa pembe zilizoshuka pwani. Kutoka Kasongo mpaka Zanzibar haikupita sarafu hata moja. Ilipita karatasi na sifa ya mtu. Njia hiyo haikufa, itarudi mbele katika habari hii.

Upande wa kusini, Katanga, feza ilikuwa shaba yenyewe. Misalaba ya shaba, ambayo Wabelgiji waliita croisettes, ilitumika kwa biashara na kwa mahari karne nyingi. Wachimbaji wa mambo ya kale wameikuta katika makaburi ya bonde la Upemba. Mwaka 1960 Moïse Tshombe alipotangaza Katanga kujitenga, aliweka misalaba mitatu kwenye bendera. Kwenye mto Congo ilikuwa mitako, vipande vya waya wa shaba ya njano.

Leta ya Leopold ilileta franka mwaka 1887, na sarafu za shaba zenye tundu katikati. Banque du Congo Belge ilianzishwa 1909. Ukoloni ulileta mateso mengi, lakini kwa swali la mpaka ulifanya jambo moja ambalo wazee wa Goma bado wanalikumbuka. Kabla ya vita vya 1914, Gisenyi ilikuwa ya Wajerumani na feza yao ilikuwa rupia. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Rwanda na Burundi, na nchi zile zikaingizwa katika franka ya Congo. Mama wa Goma aliuza mboga Gisenyi akarudi na feza ile ile aliyokwenda nayo. Bukavu na Cyangugu vilevile, Uvira na Bujumbura vilevile. Kambisti wa mpaka hakuwa na kazi. Hali hiyo ilikwisha na uhuru. Rwanda na Burundi zilikaa muda na banki ya pamoja, kisha mwaka 1964 kila moja ikaenda na franka yake. Tangu hapo, hatua 20 kwenye Petite Barrière ni safari ya kwenda nchi ya feza nyingine.

Tarehe 24 mwezi wa 6 mwaka 1967 Congo ilipata feza mpya, zaïre. Zaïre moja ilichukua nafasi ya franka 1,000 na ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Ndiyo, dola mbili. Kulikuwa na makuta 100 katika zaïre moja, na mpaka leo mtu wa Congo akisema hana hata likuta, ndiyo feza ile anaitaja. Miaka ile mtu aliweza kusafiri na zaïre na kutembea na kichwa juu, angalau mpaka Banki ya kule alikokwenda.

Pigo lililobadilisha akili za watu lilikuja Krismasi ya 1979. Mobutu alitangaza kwamba noti za zaïre 5 na 10 hazina bei tena. Mipaka na viwanja vya ndege vilifungwa. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, na kila mmoja kwa kiasi kilichopangwa tu. Serikali ilisema inapiga vita magendo na noti zilizotoka nje. Mjini, mwenye mshahara na akaunti alipenya. Kijijini, mfanyabiashara wa kahawa wa Beni au Lubero, mbali na banki, aliyeficha feza zake ndani ya mtungi kwa sababu banki ya karibu ilikuwa safari ya siku mbili, alibaki na mtungi wa karatasi. Mjane aliyeuza ng'ombe, vilevile.

Kuanzia siku ile wengi katika Kivu walijifunza kutoamini noti ya Leta. Aliyekuwa na kahawa aliivusha Uganda. Aliyekuwa na dhahabu aliificha. Aliyekuwa na nafasi alitafuta dola. Wachumi wanasema kwamba dola iliingia Congo kwa sababu ya mfumuko wa bei wa miaka ya 1990. Ni kweli kwa Kinshasa. Kwa wafanyabiashara wa mashariki, mlango ulifunguliwa mapema zaidi, siku zile za Krismasi.

Miaka ya 1990 ilimaliza kilichobaki. Mwanzoni mwa 1993 ilitoka noti ya zaïre milioni 5. Wauzaji waliikataa, upinzani ukawaunga mkono, na askari waliolipwa mshahara kwa noti ile waliposhindwa kununua nayo kitu walianza kupora Kinshasa. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa katika siku zile. Mwezi wa 10 mwaka ule ule ilitoka zaïre mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai ilikataa. Mbuji-Mayi na Kananga ziliendelea na noti za zamani, na hivi msafiri wa Kasai aliyekwenda Kinshasa ilimlazimu kubadilisha feza ndani ya nchi yake mwenyewe. Wakati huo ndipo mama makambisti wa Kinshasa walipojulikana, wamekaa barabarani na matita ya noti mbele yao, mahali watu walipopaita Wall Street kwa mzaha.

Mwaka 1994 ulileta somo jingine, na hilo lilitokea Goma yenyewe. Mwezi wa 7, wakimbizi karibu milioni moja wa Rwanda walivuka. Serikali iliyoshindwa ilikuwa imeondoka na akiba ya noti za Banki kuu ya Rwanda. Masokoni Goma franka ya Rwanda ilijaa. Mwanzoni mwa 1995 serikali mpya ya Kigali ilibadilisha noti, na zile za zamani zikafa. Wakubwa waliobeba masanduku walipoteza, ni kweli. Lakini alipoteza pia mama aliyekuwa kambini na noti chache alizozifunga kwenye kitambaa, akizihifadhi kwa siku ya kurudi. Feza ya nchi ambayo mtu ameikimbia inaweza kuuawa nyuma yake, kwa tangazo moja la redio.

Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1998 Laurent-Désiré Kabila alileta franka ya Congo, moja kwa zaïre mpya 100,000. Fanya hesabu: franka moja ya 1998 ilikuwa sawa na milyari 300 za zaïre ya kwanza, ile ambayo moja tu ilinunua dola mbili. Mwanzoni mwa 1999 serikali ilikataza watu kufanya biashara kwa dola. Dola haikuondoka, ilijificha. Mwaka 2001 katazo liliondolewa, na tangu hapo dola na franka wanaishi nyumba moja: kodi ya nyumba kwa dola, nyanya kwa franka. Kati ya 2013 na mwanzo wa 2016 dola moja ilikaa karibu franka 920. Mwisho wa 2017 ilikaribia 1,600. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Aliyeweka akiba ya masomo ya mtoto kwa franka hahitaji kuelezwa.

Ndipo ukaja wakati wa Dubai na Guangzhou. Wafanyabiashara wa Butembo walikuwa wamejua njia za Asia tangu zamani, kontena zikipita Mombasa na Kampala mpaka Kasindi. Baadaye wamama wa Goma na Bukavu nao wakapanda ndege, na kila mmoja alichagua namna yake ya kubeba feza. Wengi walibeba noti.

Noti za dola zina faida moja kubwa: hazihitaji ruhusa ya mtu. Lakini dola ya Congo ina sheria zake, kali kuliko za Washington. Kwa sheria ya Marekani, noti yoyote ya dola, hata ya zamani, bado ni feza halali. Kwa kambisti wa Goma, noti yenye kichwa kidogo, iliyochapwa kabla ya 1996, ni shida. Noti iliyopasuka milimita mbili ukingoni ni shida. Yenye muhuri au maandishi ya kalamu ni shida, au inakatwa bei. Kwa hiyo mtu anayejiandaa kusafiri hulipa zaidi ili apate noti za 100 safi, zile mpya zenye utepe wa bluu zilizoanza kutoka mwaka 2013. Utepe huo umefumwa ndani ya karatasi, haukuchapwa juu yake; ukiinamisha noti, picha za kengele ndani ya utepe zinageuka kuwa 100. Wanaotengeneza bandia wanashindwa zaidi hapo.

Dubai mwenye dola anapumua. Tangu 1997 dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, na ofisi za kubadilisha zinashindana kwa senti. Kosa ni kubadilisha uwanja wa ndege, ambako bei huwa mbaya, kwa sababu ya haraka tu. China ni ngumu zaidi, serikali inachunga feza yake, na maduka mengi siku hizi yanataka malipo ya simu kuliko karatasi.

Kisha kuna sheria ya mipaka, ambayo imewaliza watu wengi. Congo inaruhusu msafiri kubeba mpaka dola 10,000 mkononi. Zaidi ya hapo zipite banki. Ulaya inataka mtu atangaze kuanzia euro 10,000, Marekani zaidi ya dola 10,000, Falme za Kiarabu zaidi ya dirhamu 60,000, ambazo ni kama dola 16,300. China ni zaidi ya dola 5,000. Kutangaza si kulipa kodi. Ni kujaza karatasi. Wanaonyang'anywa mara nyingi ni wale walioficha, si wale walioandika.

Wazungu walikuwa na jibu jingine tangu 1891, pale American Express ilipotoa hundi ya msafiri: karatasi unayotia saini siku ya kununua na kutia saini tena siku ya kutumia, ikipotea unarudishiwa. Ilikuwa akili nzuri. Lakini katika mashariki ya Congo ilibaki kitu cha wamisionari na wataalamu wa kigeni, kwa maana ilihitaji banki ya kuinunua na banki ya kuipokea. Kadi za banki zikaizika duniani kote. Kadi ni nyepesi, na mwizi wa hoteli hapati kitu bila namba ya siri. Ila kila kutoa feza kuna malipo, mara ya banki ya nyumbani na mara ya banki ya kule, kwa hiyo anayetoa dola 50 mara sita analipa kuliko anayetoa 300 mara moja.

Njia ya Tippu Tip nayo haikufa. Sasa inaitwa hawala. Mtu anaacha dola kwa mfanyabiashara Butembo, simu inapigwa, na mwenzake Dubai anatoa dirhamu saa ile ile. Wao watalipana baadaye kwa bidhaa au kwa namna yao. Wakati wa vita vya 1998 na baada yake, nyumba za kutuma feza kati ya miji ya Congo zilifanya karibu vilevile kwa foni, ile redio ya mawimbi mafupi: namba ya siri ilisomwa hewani, na kule mbali mama akapewa feza. Hawala ina haraka, na mara nyingi ni rahisi kuliko banki. Ubaya wake ni mmoja. Mwenzako akikana, hakuna risiti na hakuna hakimu. Anayeitumia vizuri ni yule anayejua ukoo wa anayemwachia.

Dhahabu inashawishi wengi, kwani bei yake inajulikana Dubai kila dakika. Kwa msafiri wa kawaida ni njia mbaya kuliko zote. Sheria inataka dhahabu ipite kwenye kontuari na itoke na cheti. Anayeificha kwenye soli ya kiatu anaweza kupoteza yote mpakani na kulala jela, na mnunuzi anayejua kwamba haina karatasi humpa bei anayotaka yeye.

Feza ya simu ilianza Congo mwaka 2012. Kwa mhami ilikuwa baraka: unakimbia Masisi mikono mitupu, na feza iko kwenye laini. Mpaka ile ya mwanzo wa 2025. Goma iliangukia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza, Bukavu katikati ya wa pili. Banki kuu ilifunga tawi lake, banki nyingine nazo zikafunga milango. Namba kwenye simu ilibaki pale pale, lakini wenye vibanda walikosa noti za kutoa, na malipo ya kutoa yakapanda. Mwenye kadi alivuka Gisenyi kutafuta mashine. AFC/M23 ilifungua tena CADECO mwezi wa 4, lakini CADECO peke yake haikujaza miji miwili noti. Franka zilizobaki zilizunguka mikononi mpaka zikawa matambara, na wauzaji wakaanza kuzikataa. Mtu alikuwa na feza mara mbili, kwenye simu na mkononi, na hakuweza kununua unga kwa hata moja.

Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jumuiya hiyo inaahidi feza moja kwa nchi zote. Tarehe ilikuwa 2024, sasa ni 2031. Anayesubiri asubiri akiwa ameketi.

Kwa familia zilizokwenda Burundi mambo yana ugumu wake. Mwaka 2025 dola moja barabarani Bujumbura ilinunua zaidi ya mara mbili ya franka za Burundi zilizotolewa kwa bei rasmi. Anayekwenda banki anapoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya feza yake. Anayekwenda barabarani anapata zote, lakini polisi wanakataza, na mgeni asiyejua mtu anaweza kupewa bandia au kunyang'anywa. Pia franka ya Burundi akiba haikai, bei zinapanda kila mwezi. Kwa hiyo mwenye dola 200 akizibadilisha zote siku ya kwanza, mwezi wa tatu atakuwa na karatasi nyingi na chakula kidogo. Akibadilisha dola 10 au 20 kwa wiki, kwa mtu ambaye majirani wa kambi wanamjua kwa jina, noti zilizobaki zikiwa bapa ndani ya daftari ili zisikunjike, atakwenda nazo mbali zaidi.